Sura ya Saba: Besi Isiyo na Boksi

Chomoa spika ya inchi 12 kutoka kwenye boksi lake, iache ining'inie hewani, kisha upige wimbo. Mwimbaji utamsikia, gitaa la solo utalisikia, lakini besi itakuwa imetoweka. Koni bado inacheza mbele na nyuma, pengine zaidi kuliko ilivyocheza ndani ya boksi, na amplifaya inatoa umeme uleule. Kilichobadilika ni kwamba hewa imepata njia ya mkato. Koni ikisogea mbele huigandamiza hewa iliyo mbele yake na papo hapo huacha upungufu wa hewa nyuma yake. Hewa iliyogandamizwa haihangaiki kusafiri hadi sikioni mwako wakati upungufu wa kujazwa uko sentimita chache tu, upande wa pili wa ukingo wa koni. Ni kasia linalosogezwa polepole majini: maji hulizunguka, na chombo hakiendi.

Wahandisi wamelijua jambo hili tangu mwanzo. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, waliokuwa wakifanya kazi General Electric huko Marekani, walieleza spika ya koni inayosukumwa na koili ndani ya sumaku, na kanuni hiyo ndiyo inayoendesha karibu kila spika hadi leo. Koni yao waliifunga kwenye ubao uliotobolewa. Kazi ya ubao ni kuirefusha njia ya kutoka mbele hadi nyuma, na kwa sauti za juu ubao wa kawaida unatosha. Besi ndiyo yenye tabu, kwa sababu mawimbi yake ni marefu mno. Sauti husafiri takriban mita 344 kwa sekunde. Gawa kwa 40, utaona kwamba wimbi la Hz 40 lina urefu wa mita 8.6, la Hz 20 lina mita 17. Ubao bapa utakaozuia besi ya Hz 40 isijifute unahitaji upana wa karibu mita 3. Sebule gani itaubeba? Ndiyo maana dunia nzima ikahamia kwenye boksi. Wimbi la nyuma likafungiwa ndani au likatolewa kwa hesabu kupitia bomba, na sabufa ikawa kitu cha kusukumwa kwenye kona.

Wachache walikataa kuhama, na wengi wao walisukumwa na sababu moja: walikuwa na spika za katikati na za juu zilizo wazi mbele na nyuma, wakakuta kwamba sabufa ya boksi haiendani nazo. Spika ya Quad ESL-63 ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa karatasi nyembamba ya plastiki inayotikiswa na umeme tuli, ikitoa sauti sawasawa mbele na nyuma. Kampuni ya Gradient ya Finland ikaitengenezea sabufa ya wazi. Celestion nao, Uingereza hukohuko, wakatoa zao katika miaka ya 1980. Lakini aliyeifikisha elimu hii kwa watu wanaojijengea nyumbani ni Siegfried Linkwitz, Mjerumani aliyehamia California na kufanya kazi kwa miongo kadhaa Hewlett-Packard, akibuni vifaa vya kupimia. Alifariki mwaka 2018. Spika zake mbili zilizojengwa na watu wengi, Orion na LX521, zina besi ya ubao wazi, na sehemu kubwa ya hesabu zake aliitoa hadharani. Nami nadhani si bahati kwamba kazi hii ilifanywa na mtu wa vipimo. Sabufa ya wazi haivumilii kubahatisha.

Kwa nini basi ujitese, wakati boksi linafanya kazi? Jibu liko kwenye chumba.

Sebule nyingi za kwetu zina kuta za tofali za saruji na sakafu ya vigae. Ukuta wa namna hiyo huinyonya besi kidogo sana. Nyumba za mbao na jipsamu, ambazo ni za kawaida huko California, kuta zake hutikisika na kula sehemu ya nishati. Ukuta wetu huirudisha karibu yote. Chukua chumba cha urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na dari ya mita 2.8. Kati ya kila jozi ya kuta zinazotazamana kuna sauti moja ambayo nusu ya wimbi lake inalingana kabisa na nafasi iliyopo, nayo hunaswa pale na kusimama badala ya kupita. Kwa urefu wa chumba hiki ni Hz 34, kwa upana Hz 43, na kati ya sakafu na dari Hz 61. Noti ya F ya chini kwenye gitaa la besi ni Hz 43.7. Mpiga besi akiigusa, chumba kizima kinaunguruma na kuendelea kuunguruma baada ya kidole kutoka kwenye waya. Akipanda hadi G, ya Hz 49, sauti inarudi kuwa ya kawaida. Msikilizaji humlaumu mpiga besi, au amplifaya, au mtu wa studio. Mwenye makosa ni ukuta.

Sasa angalia wimbi hilo lililosimama linavyokaa. Ukutani hewa haina pa kwenda, kwa hiyo mgandamizo wake hupanda na kushuka kwa nguvu zote. Katikati ya chumba mgandamizo haubadiliki, ila hewa yenyewe ndiyo inayokwenda na kurudi kwa kasi kubwa kuliko popote. Sabufa ya boksi hulisha mgandamizo. Ukiiweka kwenye kona, mahali ambapo kuta mbili na sakafu hukutana, unalisha mawimbi yote matatu kwa mkupuo, na kila moja linakula hadi kushiba. Sabufa ya ubao wazi hailishi mgandamizo. Inasukuma hewa upande mmoja na kuivuta upande wa pili. Kwa hiyo huliamsha wimbi lile tu ambalo hewa yake inakwenda na kurudi kwenye mstari uleule inaotazama koni, na huliamsha kwa kadiri ya mwendo wa hewa mahali iliposimama.

Ielekeze kwa urefu wa chumba, mita 1.2 kutoka ukuta wa mbele. Wimbi la Hz 43 la upana wa chumba haliguswi, maana ubavuni mwa sabufa sauti ya mbele na ya nyuma hufika kwa pamoja na kufutana. La Hz 61 la dari haliguswi vilevile. La Hz 34 linaamshwa kwa theluthi mbili tu ya uwezo wake. Hesabu ya mwelekeo inasema jambo jingine la kufurahisha: kwa sauti ileile inayomfikia msikilizaji aliyekaa mbele yake, sabufa ya wazi hutia chumbani theluthi moja tu ya nishati inayotiwa na boksi, yaani desibeli 4.8 pungufu. Nishati hiyo iliyopungua ndiyo ambayo ingezunguka ukutani na kurudi ikiwa imechelewa. Anayeisikia kwa mara ya kwanza mara nyingi hudhani besi imepungua. Akitulia kidogo huanza kusikia vidole vya mpigaji na ngozi ya ngoma, vitu ambavyo mngurumo wa chumba ulikuwa umevifunika.

Faida hiyo ina bei, na bei yenyewe ni kubwa.

Tuseme tunaifunga spika kwenye fremu yenye kina cha sentimita 40. Sauti ya nyuma sasa inazunguka umbali huo kabla ya kukutana na ya mbele. Kwenye Hz 143 hivi, mchango wa mbele na nyuma ukiujumlisha unakuwa sawa na wa spika hiyohiyo ikiwa imefungiwa boksini. Kuanzia hapo kushuka, kila oktavo inakunyang'anya desibeli 6. Ukifika Hz 40 umepoteza karibu desibeli 11, na kwenye Hz 20 umepoteza 17. Desibeli 11 maana yake unahitaji hewa mara tatu na nusu. Kwa maneno mengine, kazi inayofanywa na spika moja ndani ya boksi kwenye Hz 40 inadai spika tatu au nne kwenye ubao wazi. Kwenye Hz 20 inadai saba, tena hiyo ni hesabu ya mahali pa wazi.

Ndiyo maana lazima uamue mapema unataka kushuka hadi wapi. Ushauri wangu ni Hz 35 hadi 40, na nausimamia. Waya mnene wa gitaa la besi, E, ni Hz 41. Besi kubwa ya kusimama inayopigwa kwenye taarabu ya Zanzibar ina waya huohuo wa Hz 41. Muziki wa dansi wa Kinshasa na Dar es Salaam, rumba, benga, jazi, vyote vimo humo. Besi za sintesaiza za muziki wa sasa zinaweza kushuka zaidi, na filamu hushuka zaidi sana, hayo nitayafikia.

Unaponunua spika, wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa hazikusaidii kitu. Unachonunua ni hewa: eneo la koni ukilizidisha kwa mwendo wake. Koni ya inchi 12 ina eneo la takriban sentimita za mraba 500. Ikiweza kusogea milimita 10 kila upande bila kuharibu sauti, inasukuma nusu lita ya hewa kila inapotoka katikati. Ikisogea milimita 4 tu, basi hata iandikwe wati elfu moja, umenunua asilimia 60 pungufu. Spika za magari, zilizojaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, nyingi zina mwendo mrefu, na kwa kazi hii hazifai kudharauliwa. Tafuta yenye mvumo wake wa asili chini ya Hz 35. Ile ambayo kipimo chake cha Qts, kinachoonyesha jinsi spika inavyoudhibiti mvumo huo, kiko kati ya 0.6 na 1 ni rafiki zaidi, maana yenyewe huinua besi karibu na mvumo wake na kukupunguzia kazi ya ikwalaiza. Yenye Qts ya chini pia inatumika, ila itadai ikwalaiza zaidi.

Fremu rahisi na nzuri ni ya umbo la H: ukiitazama kutoka juu, mbao mbili za ubavuni na ubao wa katikati unaobeba spika. Kwa spika mbili za inchi 12 zilizopangana wima, upana wa ndani sentimita 33, kimo 66, kina 40, na rafu moja ya kuzitenganisha ambayo pia inazikaza mbao za ubavuni. Plaiwudi ya milimita 18 inatosha. Hakuna mgandamizo unaosukuma kuta kutoka ndani kama kwenye boksi, kwa hiyo huhitaji unene wa kupindukia, lakini gundi iwe ya uhakika na kila kiungo kikazwe kwa skrubu. Spika moja ifunge sumaku ikitazama nyuma, ya pili igeuze sumaku itazame mbele, kisha ubadilishe chanya na hasi za hiyo ya pili ili koni zote mbili zisogee upande mmoja kwa wakati mmoja. Sababu yake ni kwamba hakuna koni inayosogea sawasawa mbele na nyuma. Ukizigeuza hivi, kasoro ya moja inasahihisha ya nyingine, na sehemu kubwa ya upotofu wa sauti huondoka bila gharama yoyote.

Koni mbili zikisukuma upande mmoja, fremu nayo inasukumwa kinyume chake, na kama ni nyepesi itatembea sakafuni. Iwekee uzito: kipande cha zege au jiwe kwenye kitako, na raba chini yake. Kuna fremu ya umbo la W ambayo koni zake husogea kinyume na kuuondoa msukumo huo kabisa. Linkwitz aliitumia, ila ukataji wake ni mgumu na fundi seremala asiyeizoea atakukasirikia.

Jambo moja zaidi kuhusu fremu. Kila upande wa H ni kijichumba kifupi kilicho wazi upande mmoja, nacho kina mlio wake, kwa vipimo hivi karibu na Hz 250. Kwenye kipimo utauona kama kilima kirefu. Ndiyo maana sabufa hii ikatwe kwa krosova kwenye Hz 80 hadi 100, kwa mteremko wa desibeli 24 kwa oktavo. Mteremko huo wenyewe una jina la Linkwitz na mwenzake Russ Riley, kutokana na makala ya Linkwitz ya mwaka 1976.

Sasa kupima, na hapa naomba msomaji aende polepole, maana njia tulizozoea kwa sabufa za boksi zinadanganya kwenye ubao wazi.

Vifaa ni maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la masahihisho, kama UMIK-1, kompyuta, na programu ya REW ya John Mulcahy, ambayo hupatikana bure. Kwa sabufa za boksi, njia ya kawaida ni ile aliyoieleza Don Keele mwaka 1974: maikrofoni inasogezwa hadi karibu kugusa koni, chumba kinanyamaza kwa sababu koni iko karibu kuliko kuta, na unachokisoma ndicho besi halisi. Fanya hivyo kwenye H, utapata mstari mzuri ajabu, umenyooka hadi chini. Usiuamini. Kwa ukaribu ule, maikrofoni inasikia upande wa mbele wa koni tu. Sauti ya nyuma ikifika huwa hafifu na haiwezi kuifuta. Kipimo hicho kinafaa kwa kazi moja, kujua kama spika zako mbili zinafanana na kama zote zimeungwa sawa. Besi itakayofika kwenye kiti haimo humo.

Kupima kutoka mita 1 nako kuna mtego wake, ambao huwapata hata wajuzi. Karibu na sabufa ya wazi, besi huwa na nguvu kuliko inavyostahili, kwa sababu umbali mdogo unaifanya sauti ya mbele iizidi sana ya nyuma. Kwa mita 1, kipimo cha Hz 40 kinazidi kwa desibeli 4.6, na cha Hz 20 kinazidi kwa 9.3. Mtu akirekebisha ikwalaiza kwa kipimo hicho atajikuta na besi nyembamba kitini, na hatajua imekwenda wapi. Kwa mita 3, ziada kwenye Hz 40 imeshuka hadi chini ya desibeli 1.

Kwa hiyo toka nje. Uwanja wa shule alfajiri, kabla ya upepo, unafaa kuliko maabara nyingi. Laza sabufa chini, ilaze maikrofoni juu ya ardhi mita 3 mbele yake, na ukuta wa karibu zaidi uwe mbali angalau mara nne ya umbali huo. Ardhi inakuwa sehemu ya kipimo na haikusumbui. Pima mbele, kisha izungushe sabufa nyuzi 90, kisha 180. Mbele na nyuma ziwe karibu sawa. Ubavuni sauti iwe imeanguka, na kina cha anguko hilo ndiyo hati ya ufundi wako: desibeli 20 ni kazi nzuri. Likiwa dogo, kuna kitu hakilingani. Pengine spika moja imeungwa kinyume, pengine kijichumba cha nyuma kimejazwa waya na amplifaya, pengine fremu yenyewe inavuma. Hapohapo uwanjani ndipo unapoweka ikwalaiza ya msingi, ile ya kurudisha desibeli 6 kwa kila oktavo kuanzia Hz 140 hivi kushuka, kwa kichakataji cha kidijitali kama miniDSP. Iwekee kikomo chini: chujio la kukata kila kilicho chini ya Hz 30. Kwenye boksi, hewa iliyofungiwa huishika koni kama springi. Hapa hakuna kinachoishika isipokuwa mpira wake wenyewe, na mdundo mmoja wa Hz 20 unaweza kuigongesha koili.

Ukirudi sebuleni, weka maikrofoni mahali pa kichwa, si juu ya meza. Usilainishe mchoro kwa kiasi kikubwa, maana kulainisha huficha yaleyale unayoyatafuta. Angalia pia mchoro wa kufifia kwa sauti kulingana na muda, kwa sababu sikio huumizwa zaidi na noti isiyotaka kunyamaza kuliko noti iliyozidi kidogo. Katika chumba chetu cha mfano utakuta Hz 43 imetulia, lakini Hz 69 imesimama. Hilo ni wimbi la pili la urefu wa chumba, na kwa bahati mbaya mita 1.2 kutoka ukutani ndipo hewa yake inapokimbia kuliko mahali pote. Isogeze sabufa mbele au nyuma sentimita 30 na upime tena kabla ya kugusa chochote. Kilima kitakachobaki kipunguze kwa ikwalaiza. Shimo liache, kwa sababu ukilijaza unazidisha mwendo wa koni na shimo lenyewe halijai. Wala usiibane sabufa ukutani ili kuokoa nafasi: hewa iliyo karibu na ukuta haiwezi kusukumwa, na besi yako itaishia hapo.

Wa filamu na wa besi za chini kabisa wasikate tamaa, lakini wajue kwamba chini ya Hz 34, katika chumba hiki, hakuna tena wimbi la kusukuma. Chumba kizima kinapanda na kushuka mgandamizo kwa pamoja, na kazi hiyo ubao wazi hauiwezi hata kwa spika nane. Boksi dogo lililozibwa linaiweza, tena kwa msaada wa chumba chenyewe kama milango na madirisha yamefungwa. Basi ziache sabufa zote mbili zifanye kazi pamoja: boksi lipewe kilicho chini ya Hz 35, na ubao wazi uanze hapo hadi Hz 90, lile chujio la Hz 30 sasa lipandishwe hadi Hz 35. Pima zote mbili zikilia pamoja, maikrofoni ikiwa kitini. Ukiona shimo kwenye Hz 35, badilisha chanya na hasi za boksi na upime upya. Likiendelea, licheleweshe boksi kwa milisekunde moja moja hadi shimo lifunge, ndipo urudi kwenye ikwalaiza.